Ajira ya kwanza: maswali ya wahitimu kuhusu mshahara na marupurupu

Maswali haya hurudiwa na wahitimu wanaotafuta kazi ya kwanza, na machache na waajiri wanaowatafuta. Tarakimu za mfano hazina sarafu. Weka ya kwako. Sheria za kazi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo pale tunapotaja mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, hicho ni kima cha chini kwa nchi zilizoiridhia. Sheria ya ulipo inaweza kukupa zaidi.

## Mambo ya msingi

1. Hivi mhitimu mpya anataka nini hasa kwa mwajiri?

Ukiondoa maneno ya mapambo, mambo ni matano: mshahara wa kujitegemea unaoingia kwa tarehe, mtu wa kumfundisha kazi, muda wake mwenyewe kazi ikiisha, kinga akiugua au akipoteza ajira, na ngazi inayoonekana ya kupandia. Vitafunwa vya bure na fulana yenye nembo hutajwa zaidi na matangazo ya kazi kuliko na wahitimu.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, walitenganisha makundi mawili. Mshahara, usalama wa ajira na mazingira ya kazi vikipungua huleta manung'uniko, lakini vikiwepo peke yake havileti ari. Ari hutoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa na kukua. Wataalamu wengine wameupinga mgawanyo huo, ila kwa mhitimu una faida moja ya papo kwa papo: kundi la kwanza likague kwa hesabu, la pili kwa maswali. Ukurasa huu umefuata mpango huo.

2. Marupurupu ni nini, na yanatofautianaje na posho?

Mshahara wa msingi ni ule ambao, mara nyingi, asilimia nyingine zote hupigiwa hesabu juu yake: mchango wa pensheni, malipo ya saa za ziada, malipo ya notisi, kiinua mgongo. Posho ni fedha inayoongezwa kwa sababu maalumu kama nyumba, usafiri au simu. Marupurupu ni jina la jumla la vyote unavyopata nje ya mshahara, ikiwemo bima, likizo yenye malipo na ada ya masomo.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Anayepewa 600 za msingi na 400 za posho, na anayepewa 1,000 za msingi, wanaweza kupokea fedha sawa mwisho wa mwezi. Siku ya kulipwa saa za ziada au kuachishwa kazi, wa kwanza hupigiwa hesabu kwenye 600. Na posho ya usafiri hufutika kirahisi siku utakapoambiwa ufanyie kazi nyumbani.

3. Yapi lazima yawe kwenye maandishi kabla sijasaini?

Cheo na majukumu. Mshahara wa msingi na kila posho kwa mstari wake. Tarehe ya malipo. Saa za kazi kwa wiki. Siku za likizo na namna zinavyohesabiwa. Urefu wa kipindi cha majaribio. Muda wa notisi kwa pande zote mbili. Aina ya mkataba na tarehe unapoisha. Bima na tarehe inapoanza. Barua ya ajira ikisema "marupurupu ni kwa mujibu wa sera ya kampuni", omba sera yenyewe uisome. Usiposoma sera, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

## Mshahara

4. Nimetajiwa 1,000. Nitapokea ngapi mkononi?

Uliza kwanza kama hiyo 1,000 ni kabla au baada ya makato. Kwa kawaida anayekutajia anamaanisha kabla. Kisha toa mchango wako wa hifadhi ya jamii, kodi ya mapato, sehemu yako ya bima kama ipo, na marejesho ya mkopo wa elimu ya juu kama unakatwa kwenye mshahara. Angalia pia kama mchango wa pensheni unatolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Ukitolewa kabla, kodi hupungua kidogo.

Kosa linalojirudia ni kuogopa nyongeza eti "itanipandisha daraja la kodi nipokee kidogo". Kodi ya ngazi haifanyi hivyo. Chukua mfano: 500 za kwanza hazina kodi, zinazofuata hadi 1,000 hukatwa asilimia 10, na zaidi ya hapo asilimia 20. Mwenye 1,000 anakatwa 50. Akipanda hadi 1,100, anakatwa 50 zilezile na 20 za ile mia mpya. Kodi ya juu imegusa ile mia tu, naye anabaki na 80 zaidi.

5. Mshahara wa kwanza huingia lini?

Mara nyingi baadaye kuliko unavyodhani. Orodha ya mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya malipo. Ukianza kazi baada ya kufungwa, siku zako husogezwa mwezi unaofuata. Jiandae na akiba ya wiki sita, si nne. Siku ya kwanza kazini peleka namba ya akaunti, namba ya mlipa kodi na namba ya mfuko wa pensheni. Moja ikikosekana, malipo yote yanaweza kukwama.

6. Nina kazi mbili mezani. Nizilinganishe vipi?

Geuza kila kitu kiwe fedha kwa mwezi, halafu gawa kwa saa unazoitumikia kazi hiyo, pamoja na za njiani. Tuseme kazi A inalipa 1,000 bila bima wala mchango wa mwajiri. Kazi B inalipa 900, mwajiri anachangia pensheni asilimia 10 juu ya mshahara (90), na bima ambayo ungeinunua mwenyewe kwa 60. B ni 1,050.

Sasa weka muda. Siku 22 za saa 8 ni saa 176. Kama A inakula saa 2 za barabarani kila siku, hizo ni saa 44 za ziada, jumla 220. Malipo ya kila saa yameshuka kwa asilimia 20, na bado hujalipa nauli. Kazi nyingi "zenye mshahara mzuri" hufia kwenye mstari huu wa hesabu.

Visivyogeuka fedha, kama ubora wa msimamizi na jina la kazi kwenye wasifu wako, viandike pembeni. Usivitungie bei. Tazama swali la 15.

7. Sina uzoefu. Ni adabu kuomba niongezwe mshahara?

Ni jambo la kawaida, mradi uombe mara moja, kwa sababu, na baada ya kupewa nafasi lakini kabla ya kusaini. Tofauti ndogo siku ya kwanza huzaa, kwa kuwa nyongeza nyingi ni asilimia ya ulichonacho. Anayeanza na 1,100 badala ya 1,000, wote wakiongezwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 10 atakuwa amepokea jumla ya takribani 15,000 zaidi. Hiyo ni mishahara 15 ya mwezi wa kuanzia.

Maneno yawe mafupi: "Nashukuru kwa nafasi hii na ningependa kuichukua. Kwa kuwa majukumu yanajumuisha uchambuzi wa takwimu, kazi niliyoifanya kwa miezi sita ya utarajali, naomba mshahara wa msingi ufikiriwe kuwa 1,100." Halafu nyamaza. Usitaje kodi ya nyumba wala wadogo zako unaowasomesha. Ni kweli, lakini mwajiri hulipa thamani ya kazi, na hoja ya shida humpa nafasi ya kukupa pole badala ya jibu.

Wakisema mshahara haugusiki, hamia kwenye vinavyogusika: mshahara upitiwe upya baada ya miezi 6 (kwa maandishi), ada ya mtihani wa kitaaluma, siku mbili tatu za likizo, vifaa. Penye ngazi rasmi za mishahara, kama utumishi wa umma, kinachojadilika ni ngazi unayoanzia. Peleka vyeti vya utarajali na vya mafunzo mapema.

8. Usaili umeanza tu, wananiuliza nataka kiasi gani. Nijibuje?

Jaribu kurudisha mpira: "Nafasi hii imetengewa kiwango gani?" Wakisisitiza, taja kiwango chenye pande mbili, upande wa chini ukiwa ule ambao ungeukubali bila kinyongo. Wengi watausikia huo tu.

9. Bonasi niihesabu kama mshahara?

Hapana, mpaka ujue mambo matatu: inategemea matokeo ya nani (yako, ya idara au ya kampuni nzima), ililipwa kiasi gani miaka miwili iliyopita, na je, ni lazima uwe bado mwajiriwa siku inapolipwa. Hilo la mwisho ndilo huwaumiza watu. Ukiacha kazi wiki moja kabla, kazi ya mwaka mzima inaweza kwenda bure. Neno "kwa hiari ya mwajiri" likiwemo, iweke sifuri kwenye hesabu ya swali la 6.

## Afya, likizo na uzeeni

10. Niulize nini kuhusu bima ya afya?

Inaanza lini: siku ya kwanza au baada ya majaribio? Ina ukomo gani kwa mwaka, na ukomo huo ni wa kila mtu au mnagawana familia? Matibabu ya kulazwa na ya kwenda na kurudi yana ukomo tofauti? Meno, macho na afya ya akili vimo? Maradhi uliyokuwa nayo kabla yanafunikwa, na kama ndiyo, baada ya miezi mingapi? Unalipa sehemu gani kila unapotibiwa? Omba orodha ya hospitali, utafute iliyo karibu na unapoishi, maana kadi isiyopokelewa mtaani kwako ni plastiki tu. Mwisho, uliza inakoma lini ukiacha kazi: siku ileile au mwisho wa mwezi. Jibu hilo linaweza kuamua tarehe ya kuandika barua ya kuacha kazi.

11. Nina miaka 23. Pensheni inanihusu nini?

Inakuhusu kwa sababu ya muda, na muda ndicho kitu pekee ambacho kijana anacho kingi kuliko bosi wake. Gawa 72 kwa asilimia ya faida ya mwaka, utapata miaka ya fedha kujirudufu. Kwa faida ya asilimia 6 ni miaka 12. Fedha iliyowekwa ukiwa na 23 itajirudufu mara tatu hadi ufike 59, yaani itakuwa mara 8. Iliyowekwa ukiwa na 35 itakuwa mara 4. Mfumuko wa bei utakula sehemu ya zote mbili, lakini uwiano unabaki.

Mwajiri akiahidi kuchangia sawa na wewe mpaka asilimia fulani, changia mpaka hapo kabla ya kuweka akiba popote pengine. Hakuna uwekezaji mwingine unaorudisha asilimia 100 siku ileile. Angalia tu kama mchango wake unakuwa wako mara moja au baada ya miaka kadhaa, na hakikisha kila robo mwaka kwamba makato yamefika kwenye mfuko. Mwajiri anayekata bila kupeleka ni tatizo la zamani, na huonekana kwenye taarifa ya mfuko, si kwenye hati ya mshahara.

12. Siku 28 za likizo si nyingi kuliko 21?

Inategemea zinavyohesabiwa. Siku 28 za kalenda, pamoja na Jumamosi na Jumapili, ni wiki 4, yaani siku 20 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano. Siku 21 za kazi zinazidi. Mkataba wa ILO namba 132 wa mwaka 1970 unaweka kima cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka wa utumishi, na sikukuu za umma hazihesabiwi ndani yake. Uliza pia siku zisizotumika zinahamia mwaka unaofuata, zinalipwa au zinapotea.

13. Kampuni inasema likizo haina kikomo. Ni kweli?

Kikomo hakipo kwenye karatasi. Kipo kwa msimamizi. Kwa kuwa hakuna siku zinazojikusanya, ukiacha kazi huenda kusiwe na siku za kulipwa. Swali la kuuliza ni moja: mwaka jana watu wa idara hii walichukua wastani wa siku ngapi?

## Muda na mahali pa kazi

14. Wanasema kazi ni ya mseto. Nihakikishe nini?

Siku ngapi ofisini, nani huzichagua, na je, imeandikwa kwenye mkataba au ni utaratibu unaoweza kubadilishwa kwa barua pepe moja. Uliza nani hulipia intaneti na kiti, na saa zipi ni lazima upatikane kwenye simu. Mhitimu mpya asikimbilie kukaa nyumbani siku zote tano. Mengi ya ufundi wa kazi hudakwa kwa kusikia wakubwa wakiongea na wateja, na hayo hayatumwi kwenye kikao cha video. Kama timu yote iko mbali, tazama kwa makini swali linalofuata.

## Kujifunza na kukua

15. Nitajuaje kama mwajiri atanifundisha kweli?

Kila tangazo huahidi "mazingira ya kujifunza". Kwenye usaili uliza maswali ambayo hayajibiki kwa kauli mbiu. Nani atakagua kazi yangu wiki ya kwanza, na mara ngapi? Baada ya siku 90 mnatarajia niwe naweza kufanya nini peke yangu? Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa? Kwa mwaka, bajeti ya mafunzo kwa mtu mmoja ni kiasi gani, na nani huidhinisha?

Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito. Kama alipanda cheo, ngazi ipo. Kama wameondoka watatu ndani ya mwaka mmoja, shida haiko kwa watu. Omba kuongea dakika 15 na mtu aliyeajiriwa akiwa mhitimu, bila msimamizi kuwepo. Mwajiri mwenye jambo la kufundisha hakatai. Kwa maoni yetu, kati ya marupurupu yote ya kazi ya kwanza, msimamizi anayesoma kazi yako na kuirudisha na wino mwekundu ndiye wa thamani kubwa zaidi. Ukilazimika kuachia sehemu ndogo ya mshahara, iachie hapo.

16. Watanilipia masomo, lakini nisaini kukaa miaka miwili. Nikubali?

Inaweza kuwa haki, kama deni linapungua kadiri unavyokaa. Masomo yaliyogharimu 2,400 kwa mkataba wa miezi 24 yapungue 100 kila mwezi. Ukiondoka baada ya miezi 15, unadaiwa 900. Kataa mkataba unaodai kiasi chote hadi siku ya mwisho, unaokudai hata ukiachishwa na mwajiri mwenyewe, au unaoita "mafunzo" wiki ya kuonyeshwa mifumo ya ofisi.

17. Nina mkopo wa masomo. Mwajiri anaweza kusaidia?

Baadhi hulipa sehemu ya marejesho. Marekani, sheria iliyopitishwa Desemba 2022 inaruhusu, kuanzia 2024, mwajiri achangie akaunti ya uzeeni ya mfanyakazi kwa kuhesabu marejesho ya mkopo wa elimu kana kwamba ni mchango wake. Popote ulipo, uliza kama msaada huo unatozwa kodi, na toa taarifa ya mkopo mapema ili malimbikizo ya adhabu yasije yakakukuta.

## Kwa upande wa waajiri

18. Sisi ni kampuni ndogo, hatuwezi kushindana kwa mshahara. Tutoe nini?

Toeni visivyogharimu sana: kiwango cha mshahara kitajwe kwenye tangazo, jibu la usaili litolewe ndani ya wiki mbili hata kama ni hapana, mshahara uingie tarehe ileile kila mwezi, msimamizi atajwe kwa jina kabla ya siku ya kwanza, na tathmini ifanyike mwezi wa 3 na wa 6. Wengi huwapoteza wahitimu kwa ukimya, kwa kuwa katika wiki nne za kusubiri mwingine ameshawachukua. Msijaribu kuziba pengo la mshahara kwa sherehe za Ijumaa. Mtu huzihudhuria na kuendelea kutafuta kazi.

## Hali zisizo za kawaida

19. Wananipa hisa. Zina thamani gani?

Chukua mfano wa haki ya kununua hisa 4,800 kwa miaka minne, huku mwaka wa kwanza ukiwa kizingiti. Ukiondoka mwezi wa 11 huna hata moja. Mwezi wa 12 unapata 1,200 kwa mkupuo, kisha 100 kila mwezi. Uliza kampuni ina hisa ngapi kwa jumla, kwa maana 4,800 kati ya laki moja si sawa na 4,800 kati ya milioni mia. Uliza pia bei ya kuzinunua, na una siku ngapi za kufanya hivyo ukiacha kazi. Nyingi hutoa 90. Mpaka hisa ziweze kuuzwa, usizilipie kwa kupunguziwa mshahara wa chakula.

20. Utarajali bila malipo, nikubali?

Kama ni sehemu ya masomo, una msimamizi na una tarehe ya kuisha, unaweza kufaa. Kama unaziba nafasi ya mwajiriwa aliyeondoka, hiyo ni ajira iliyobadilishwa jina. Hata bila mshahara una ulinzi: mkataba wa ILO namba 190 wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja wazi tarajali, wanagenzi, wanaojitolea na hata waombaji wa kazi.

21. Wakala ananidai ada ili anipatie kazi. Ni sawa?

Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997 unakataza mawakala binafsi wa ajira kuwatoza wafanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ila kwa misamaha michache inayowekwa na nchi. "Kwa kuzunguka" ndiyo fomu, sare, vipimo vya afya kwa daktari wao na "mafunzo ya lazima". Ukiombwa utume fedha kabla hujaona ofisi wala mkataba, chukulia kwamba kazi haipo.

22. Marupurupu yanasimama kipindi cha majaribio?

Mengine ndiyo: bima na bonasi mara nyingi. Likizo kwa kawaida huendelea kujikusanya hata kama huruhusiwi kuichukua bado. Hakikisha kipindi kina mwisho ulioandikwa, na kwamba kurefushwa kwake kunahitaji barua yenye sababu. Siku ya mwisho ikifika kimya, andika kuomba barua ya kuthibitishwa.

23. Niliahidiwa jambo kwa mdomo, kwenye mkataba halimo. Nifanyeje?

Andika barua pepe siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza leo, nimeelewa kwamba mshahara utapitiwa upya baada ya miezi 6. Tafadhali nithibitishie, au liongezwe kwenye mkataba." Akithibitisha, hifadhi nakala nje ya barua pepe ya ofisi. Akikwepa mara mbili, fanya hesabu zako kana kwamba hakuahidi.

24. Nimeshasaini, kazi bora imekuja. Naweza kujitoa?

Soma kifungu cha notisi. Kipindi cha majaribio huwa na notisi fupi. Kama hujaanza, angalia kama mkataba una neno kuhusu kujitoa kabla ya tarehe ya kuanza, na kama ulipokea fedha ya kuhamia, jiandae kuirudisha. Usijitoe kabla kazi ya pili haijawa na barua iliyosainiwa na pande zote mbili. Ikishakuwa mkononi, piga simu kwanza, kisha thibitisha kwa maandishi siku hiyohiyo, ili yule wa kwanza aweze bado kumpigia aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili.